Mikro Iliyopungukiwa Fungu Moja la Rozari

Masika, mwanangu,

Nilikuambia usifungue barua hii kabla ya Kalunguta, na kwa jinsi ninavyokujua, huenda umeifungua lori likiwa bado linapakiwa magunia. Si kitu. Kama umetii, basi umeshaniona nikishuka na kifurushi kidogo mkononi, dereva amepiga honi na kuondoka, nawe unajiuliza kwa nini baba aliyesema anakusindikiza mpaka Beni amekuacha njiani. Sababu iko humu ndani. Shikilia vizuri ubao wa lori, maana barabara ile haina huruma kwa mtu anayesoma.

Nianze na habari mbaya, ili usije ukasema nilikuzungusha. Gitaa lako lina tundu. Asubuhi, ulipokuwa ukifua kule mtoni, nilitoa mikro ya nyuma, kile kinasa sauti cha chini ya nyuzi, ile iliyo karibu na shevale, kile kiti cha chuma ambapo nyuzi zinalala. Nimeziba nafasi yake kwa kipande cha katoni ili vumbi lisiingie. Mikro ya mbele, ya karibu na shingo, nimeiacha, nayo itakusaidia mpaka upate nyingine.

Najua nilichokufanyia. Mikro ya mbele ni nzito na ina usingizi, nzuri kwa kusindikiza waimbaji tu. Ile ya nyuma ndiyo unayopigia solo, ndiyo iliyofanya watu wa parokia wageuze shingo kutafuta ni nani anayepiga. Jumapili ijayo wale wa kwaya ya Kampala wanakungoja wasikie kama kweli unastahili nafasi aliyokuombea shangazi yako, na mimi nimekunyang'anya sauti yako siku moja kabla ya safari. Kasirika, una haki. Ila usiichane karatasi hii kabla ya kuimaliza.

Habari za blanketi, dawa ya malaria na namna ya kuwajibu askari kwenye vizuizi ameshakupa mama yako mara tatu. Sirudii. Mimi nina jambo moja tu, nalo nimelibeba miaka yote tangu vita ile ya kwanza. Ninaliandika mchana huu kwenye meza ya karakana, ninyi wawili mkiwa sokoni, mvua ikipiga mabati na redio za watu zikiwa zimefunguliwa matumbo mbele yangu.

Ili unielewe, turudi kwenye upumbavu wangu wa mwanzo. Gitaa hili nilipolinunua, kabla hujazaliwa, lilikuwa na mikro ya nyuma yenye bobini moja tu, yaani mkebe mmoja mdogo uliozungushiwa waya. Unajua bobini moja inavyofanya hapa Butembo. Umeme wetu ni wa jenereta, na kila grupu la parokia liliponguruma kule nje, gitaa langu nalo lilinguruma ndani, hata padri akasimama katikati ya mahubiri na kuniangalia. Dawa yake ni mikro ya bobini mbili. Waya wa bobini moja unazungushwa kwenda huku, wa pili kinyume, na zile kelele za grupu zinapoingia pande zote mbili zinauana zenyewe, muziki unabaki. Nilihitaji hiyo. Basi wakati mfanyabiashara mmoja wa mtaa wetu alipokuwa akienda Dubai kutafuta vipuri vya pikipiki, nikampa kipimo cha tundu na neno moja: alete yenye nguvu kuliko zote.

Akaleta. "Papa Paluku, hii iko na nguvu kupita zote," akaniambia. "Hata Mungu atasikia!"

Mungu alisikia, nadhani, na hakupenda. Ngurumo ya grupu iliisha kweli, lakini noti zote zikawa uji. Nikipiga nyuzi tatu pamoja, hakuna aliyejua ni zipi. Bibi mmoja mzee, anayekaa siku zote benchi la mbele, alinikamata mlangoni baada ya misa: "Mutoto wetu, uko unapiga gitaa ao uko unapasula mbao?" Kwaya nzima ikacheka. Badala ya kuitoa mikro ile, niliongeza sauti ya bafle, ile spika yangu, maana sikutaka kukubali kwamba nilichagua vibaya. Debe tupu haliachi kuvuma, mwanangu, na mimi nilikuwa debe kwa miaka mingi.

Sasa nikuambie habari za mikro ya pili, ile uliyoijua wewe.

Nilipokuwa kijana, kabla ya gitaa hili na kabla ya mama yako, nilikaa Kirumba kujifunza kutengeneza redio. Jirani yangu alikuwa fundi cherehani aitwaye Katembo. Unamjua kwa jina: ndiye anayetutumia ndizi kutoka Kalunguta kila mavuno. Yeye alikuwa na gitaa la umeme lililotoka Kampala, lenye bobini mbili pale nyuma, lakini bobini zote zilikuwa zimekufa, waya umeoza kwa unyevu. Kununua nyingine hatukuweza. Tukasema tutaisuka upya.

Waya mwembamba kama unywele tuliutoa ndani ya bobini ya kuwashia moto ya gari moja la petroli lililokufa nyuma ya gereji. Katembo akaubandika ule mkebe mtupu kwenye gurudumu la cherehani yake, akawa analizungusha kwa mkono, polepole, waya unaingia kati ya vidole vyake. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu. Bobini moja inataka mizunguko kama elfu tano, na hakuna kichwa kinachoweza kuhesabu mpaka huko bila kupotea, basi nilichukua rozari. Kila mizunguko mia, nilisogeza punje moja. Punje kumi ni fungu moja. Mafungu matano yakiisha, bobini imejaa. Rozari nzima kwa kila bobini, na Katembo alisema mikro itakayozaliwa hivyo haiwezi kupigwa baa. Alikosea, tuliipiga baa sana.

Bobini ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili, katikati ya kazi, akapita msichana wa Kipese na kikapu cha viazi kichwani, ameteremka kuja sokoni. Akasimama mlangoni kuuliza kama tunanunua. Niliweka rozari chini. Nilinunua viazi ambavyo sikuwa na sufuria ya kuvipikia.

"Paluku!" Katembo akaita. "Macho ku rozari, hapana ku barabara!"

Nilipoiokota tena, vidole vyangu vilishika fungu la nne, na kumbe tulikuwa hatujaanza la tatu. Hatukujua mpaka tumemaliza kila kitu, tumezamisha bobini zote mbili kwenye nta ya mabaki ya mishumaa ya kanisa, na Katembo amezifunga kwa uzi wake wa bluu wa kushonea sare za shule. Nilipopima, bobini ya pili ilikuwa pungufu. Fungu moja zima la rozari halikuwemo, na waya ulikuwa umekwisha. Nilitaka kulia. Katembo alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Acha ivi ivi," akasema. "Ile fungu yenye ilipotea, njo mahari ya ule binti."

Msichana yule, kama hujaelewa bado, ni mama yako.

Tukaifunga kwenye gitaa lake, na ndipo tulipopata ajabu. Kwa sababu ya upungufu ule, mikro haikuwa na nguvu nyingi, lakini kila noti ilitoka peke yake, safi, kama maharage yaliyopepetwa. Ngurumo ndogo ya grupu ilibaki kwa chini, maana bobini mbili zisizo sawa haziuani kabisa. Huo ndio ulikuwa mwiba wake, na kwa mwiba huo ungeitambua hata umefumba macho. Nilimwonea Katembo wivu tangu siku hiyo. Ninasema wazi: nilimpenda kama ndugu, na nilimwonea wivu. Mambo hayo mawili yanaweza kukaa nyumba moja miaka mingi bila kugombana.

Kisha nikarudi Butembo, nikaoa, nikanunua gitaa langu na kuletewa ule ukelele wa Dubai, kisha ukazaliwa. Ikaja vita ya kwanza. Askari wa serikali ya zamani walikuwa wakikimbia kutoka kusini, wamepita Kirumba, wamepita Lubero, na kila walikopita walichukua walichoweza kubeba. Walipofika hapa walikuwa wamechoka kubeba, wakawa wanauza kando ya barabara. Magodoro, sufuria, baiskeli zisizo na magurudumu. Ninyi nilikuwa nimewapeleka Kipese kwa bibi yako. Mimi nilibaki kulinda karakana, au ndivyo nilivyosema.

Askari mmoja, mtu mzima mwenye miguu iliyovimba, alikuwa ameketi na katoni ya takataka za umeme. Vipande vya redio, nyaya, vifungo. Gitaa lenyewe walikuwa wamelipasua kuwa kuni kule kwenye baridi ya milimani, alinionyesha kwa mikono, hivi, juu ya goti. Akabakiza vyuma. "Papa, somba," akaniambia kwa Kilingala chake, ninunue, bei yake bure. Nikainama. Ndani ya katoni niliona uzi wa bluu.

Niliichukua nikainusa. Mishumaa ya kanisa.

Masika, hapa ndipo nilipopotea, na nataka upaone vizuri kwa sababu hapaonekani kama mahali pa kupotea. Kununua hakukuwa kosa. Mtu mwingine angeweza kuinunua ili aitunze. Kosa ni kwamba sikuuliza. Yule askari alikuwa mbele yangu, amechoka, yuko tayari kusema. Ningeweza kumuuliza: mwenye gitaa hili yuko wapi? Mlimkuta nyumbani? Alikimbia? Sikuuliza kwa sababu niliogopa majibu yote mawili. Niliogopa kusikia kwamba Katembo amekufa. Na niliogopa, Mungu anisamehe, kusikia kwamba yu hai, maana hapo mikro ingekuwa ya mtu. Nilimpa askari redio ndogo niliyokuwa nayo mfukoni, nikaondoka haraka bila kugeuka nyuma. Jioni haijafika nilikuwa nimeshatoa ile ya Dubai na kuunga hii kwa risasi ya kuyeyusha. Nilichagua mikro kabla ya kuuliza habari za mtu.

Baadaye watu waliotoka kusini walisema familia ya Katembo iliishia porini. Wengine walisema hawajui. Mimi nilishika yale maneno ya kwanza, kwa sababu yalinifaa. Nilimwombea hata misa ya wafu. Nililia kweli kweli katika misa ile, na nililia nikipiga gitaa hili, kwa mikro yake. Sijui utafikiria nini juu yangu ukisoma mstari huu. Nimeufuta mara mbili, nikaurudisha.

Ikaja Pasaka. Kanisa lilijaa, watu walikuwa na kiu ya kuimba baada ya hofu ile yote. Nilipiga vizuri kuliko siku zote za maisha yangu, hilo siwezi kukudanganya. Yule bibi wa benchi la mbele alipunga kitambaa. Baada ya misa, watu walipokuwa wakinishika mikono, nikamwona mtu amesimama karibu na nguzo, amekonda, kaptula ya kuazima, na kichwa ameinamisha upande kama anayesikiliza bado. Alikuwa Katembo.

Tulikumbatiana. Alinieleza kwa maneno machache: waliikimbilia milima, mama yake mzazi alifia njiani kwa baridi, walimzika hukohuko. Cherehani ilikwenda, nyumba ilikwenda, gitaa lilikwenda. Alikuwa akielekea Kalunguta, ukweni, kuomba shamba. Mwanangu, katika maisha yake yote ya Kirumba kilikuwa kimebaki kitu kimoja tu duniani, nacho kilikuwa kimening'inia shingoni mwangu.

Akaliangalia gitaa. "Mikro mupya?"

"Mupya," nikasema.

"Ilitoka wapi?"

Nilikuwa na wakati wa kutosha. Niliona mkono wake unasogea kugusa nyuzi kisha unarudi. Nikajibu: "Dubai. Mucommerçant moja aliniletea." Kila mtu alijua kwamba niliagiza mikro Dubai, uongo ulikuwa na nguo tayari, niliuvisha tu.

Katembo akatabasamu, si kwa ubaya, kama mtu anayemsaidia mwenzake kushuka ngazi gizani. "Kumbe," akasema. "Kumbe na kule Dubai banahesabuka na rozari."

Akanishika bega, akaenda zake.

Hakuniambia zaidi, siku ile wala baada yake. Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa fupi kiasi hicho, kutoka nguzo mpaka mlango wa kanisa, lakini yeye alikataa kunifikisha mwisho wake. Aliniacha nitembee mwenyewe. Na tangu mwaka uliofuata zikaanza kuja ndizi. Kila mavuno, dereva anashusha mkungu, na maneno ni yaleyale: "Papa Katembo wa Kalunguta anasema, usalimie gitaa." Ninyi mlicheka na kusema mzee yule ana vichekesho. Mimi niliupokea mkungu na kumlipa dereva.

Angenitukana ningekuwa nimeirudisha zamani. Ningekasirika, tungegombana, ningeitupa miguuni pake na mambo yangekwisha. Wema wake ndio ulionifungia njia, au ndivyo nilivyojidanganya. Kwa kweli nilikuwa nimeshazoea kusifiwa.

Sasa nakuja kwako, na hapa ndipo kalamu inakuwa nzito.

Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Ulikuwa umeshajifunza kuunga nyaya kuliko wasaidizi wangu wote, na siku moja nikakuta umelilaza gitaa mezani, umefungua skrubu, umeishika mikro ile mkononi unaigeuza. Ukaniuliza bila ubaya wowote, "Papa, juu ya nini ku Dubai banafungaka na uzi ya bluu?"

Nikakupiga kofi.

Sikuwahi kukupiga kabla, wala sikukupiga tena. Uliweka skrubu zote mahali pake, moja moja, machozi yakidondoka mezani, na tangu siku ile hukuniuliza tena swali lolote kuhusu gitaa hili. Ulijifunza kulipiga kwa kunitazama tu. Wewe ulidhani umeharibu kitu cha thamani. Mama yako alisimama mlangoni, akauliza, "Paluku, mutoto alikukosea nini?" Akangoja mpaka umetoka, akasema, "Ile kofi ilikosea njia." Yeye alikuwepo siku ile ya viazi, na alipopita tena jioni akitoka sokoni aliuona uzi ule ukifungwa. Alijua tangu mwanzo, naye alikuwa akiningoja.

Mwanangu, hukukosa. Uliuliza swali ambalo mimi nilipaswa kumuuliza askari kando ya barabara. Kofi lile lilikuwa langu, na limekuwa shavuni mwako miaka hii yote kwa ajili yangu. Nisamehe. Ningetamani kukuambia uso kwa uso, lakini nimejaribu tangu Jumapili na kila mara ninaishia kukuuliza kama umepata sabuni.

Kwa nini sasa? Kwa sababu nilikusikia juzi jikoni. Mama yako alikuwa na hofu ya vita hii isiyoisha, mipaka, ugeni, na wewe ukamwambia, "Mama, hata nikikosa kila kitu kule, niko na sauti ya Papa." Nilikuwa nje napanga kuni. Sauti ya Papa! Ukaisema kwa fahari. Nikaona utaibeba mpaka Kampala, utawaambia watu ni ya baba yako, nao watakusifu, na siku moja mtoto wako atafungua skrubu na kuuliza habari za uzi wa bluu, na hutakuwa na la kumjibu ila Dubai. Mali ya wizi ningeweza kukurithisha, wengi wamerithishwa. Uongo nilishindwa.

Kwa hiyo itabidi uchague mikro yako mwenyewe, na mimi baba yako niliyechagua vibaya mara mbili nikuambie ninachojua. Usimwambie muuzaji alete yenye nguvu. Akikusifia nguvu, mrudishie. Beba kipimo changu cha umeme, nimekiweka ndani ya soksi za kijivu: ikisoma elfu saba au nane za omu, inatosha kwa muziki wetu, zile za kumi na nne ni za watu wanaotaka gitaa lingurume. Pima kwa rula nafasi kati ya uzi wa kwanza na wa sita pale karibu na shevale, maana pale nyuzi zimetanuka kidogo kuliko mbele, na mikro yenye vichwa vya chuma vilivyobanana itasikia nyuzi za katikati na kusahau za pembeni. Iunge kwenye bafle, halafu zungumza mbele ya mikro, hata useme jina lako tu. Ukijisikia unatoka kwenye bafle, ujue haikuzamishwa kwenye nta vizuri, na siku sauti ikipanda itapiga mluzi. Ukiifunga, usiipandishe karibu sana na nyuzi kwa tamaa ya kusikika. Sumaku itazivuta, nazo zitapoteza tuni zake.

La mwisho halipimwi kwa kifaa. Muulize anayekuuzia: ilikuwa ya nani? Muulize hata kama dukani kumejaa watu, hata kama utaonekana mshamba. Kama hana jibu, au akiangalia pembeni kama nilivyoangalia mimi, iache, hata iimbe kama malaika. Utapiga na mikro ya mbele Jumapili ijayo, na huenda hawatageuza shingo. Vidole vyako vilikuwa vyako kabla ya mikro ile, nami nimevisikia ukipiga ubao wa meza ukidhani nimelala. Kama hawatakutaka kwa sababu ya tundu moja, lawama yake iwe juu yangu, na uniandikie hivyo bila kunionea huruma.

Nilifikiria kukupa kifurushi chenye mikro ile ukishushe wewe Kalunguta. Lori linasimama pale hata hivyo, ningebaki hapa na aibu yangu kavu. Hata nilikuwa nimeshaandika jina la Katembo juu ya karatasi. Kisha nikaona ninakutuma tena ukapokee kofi langu. Basi nikamwambia mama yako asubuhi hii kila kitu, yaani yale aliyokuwa akiyajua. Hakushangaa. Alisema tu, "Hapana kwenda mikono mitupu." Kile kikapu cha viazi vya Kipese mlichokwenda kununua, ambacho unadhani ni cha shangazi yako, ni cha Katembo.

Sijui atanipokeaje. Anaweza kufunga mlango, na nitakuwa nimestahili, nitakaa barabarani kungoja lori la kurudi. Lakini mfukoni nina kibonge cha waya mwembamba nilichofungua jana kwenye bobini ya gari, unatosha mizunguko elfu moja, na nina ile rozari. Akinifungulia, nitamwomba azungushe yeye kama zamani. Mimi nitahesabu lile fungu lililobaki, na safari hii sitaangalia barabarani, hata kama ni lori lako linapita.

Nenda salama, Masika. Uliza maswali yako yote.

Papa yako,
Paluku